Nyimbo Zote Sauti Moja: Mwongozo wa Kusawazisha Maktaba ya Muziki

Nyimbo zilizomo kwenye diski yangu hapa Arua, Uganda, zimetoka pande nyingi. Rumba ya Kongo ilivuka mpaka ikiwa kwenye kanda za kaseti, nami nikaihamishia kwenye kompyuta miaka mingi baadaye. Taarabu ililetwa na ndugu kutoka Mombasa ikiwa kwenye CD. Kadongo kamu, yaani muziki wa gitaa wa Buganda, na nyimbo za Afrigo Band nilizipata Kampala, kwenye vile vibanda ambavyo mtu huacha flashi yake asubuhi akaichukua jioni ikiwa imejaa. Na doluka ya Wanubi, pamoja na qaswida nyingi, nilirekodi mwenyewe kwa simu au nilitumiwa na jamaa. Kila chanzo kilikuja na ukubwa wake wa sauti, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kazi ya anayecheza muziki ni kukaa na mkono juu ya kitufe, akipandisha na kushusha, wimbo baada ya wimbo.

Niliacha kuamini hivyo baada ya harusi moja ya ukoo wetu. Shangazi aliomba wimbo wa zamani uliotoka kwenye kanda. Sauti yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo nikapandisha mikisa karibu na mwisho ili wazee walioketi nyuma wausikie. Ulipokwisha, kompyuta iliingia yenyewe kwenye wimbo mpya wa vijana kabla mkono wangu haujafika. Koili ya spika ya kushoto iliungua palepale, na mtoto aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake, hatua chache kutoka kwenye spika hiyo, aliamka kwa kilio ambacho hakikunyamaza haraka. Baadaye nilizipima nyimbo zile mbili nikakuta zimepishana kwa desibeli 15, ambayo ni sawa na kuiagiza amplifaya itoe nguvu ya umeme mara 32 hivi kwa kufumba na kufumbua. Hakuna mkono unaoweza kushindana na jambo hilo. Dawa yake ni kuzipima nyimbo mapema, zikiwa zimetulia kwenye diski, na kuiachia programu kazi ya kusawazisha.

Kanuni inayoongoza mwongozo huu wote ni kwamba nyimbo zenye kelele hushushwa hadi zilingane na zile za upole, wala za upole hazipandishwi kwa nguvu kuzifuata zenye kelele. Na kwamba sauti iliyomo ndani ya faili ya asili haibadilishwi, bali huandikiwa kipimo chake pembeni.

Kilele si ukubwa wa sauti

Sauti ya kidijitali ina dari. Namba kubwa kuliko zote ambayo faili inaweza kuibeba huitwa desibeli sifuri, na juu yake hakuna kitu: wimbi la sauti likilazimishwa kupita hapo hukatwa kichwa, na sikio husikia mpasuko. Kwa hiyo kila studio, tangu CD zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, imelazimika kuamua wimbo ukae umbali gani kutoka darini. Wahandisi wa miaka ya 1980 waliacha nafasi kubwa, ngoma ikafika juu mara chache na sauti ya mwimbaji ikakaa chini kwa starehe. Kuanzia miaka ya 1990 mashindano ya kusikika zaidi ya jirani yakawafanya wengi wazikandamize nyimbo, yaani washushe vilele kisha wainue kila kitu, hata mnong'ono ukasogea karibu na dari.

Matokeo yake ni kwamba nyimbo mbili zinaweza zote kugusa dari ile ile huku mmoja ukisikika kama umepigwa chumba cha pili na mwingine ukisikika kama umepigwa sikioni. Ndiyo maana kile kitufe cha programu nyingi za kuhariri sauti, kinachopandisha wimbo mpaka kilele chake kifike juu, hakisaidii hata kidogo kwa kazi tuliyo nayo. Kinasawazisha vilele, na sikio halisikilizi vilele; linasikiliza wastani wa nguvu katika muda.

Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza utaratibu uitwao ReplayGain, ambao unapima ukubwa wa sauti kwa namna inayokaribia usikivu wa binadamu, kisha unaandika kwenye lebo ya faili (yale maelezo yanayobebwa ndani ya faili kando ya muziki, kama jina la msanii) ni desibeli ngapi za kupunguza au kuongeza ili wimbo ufikie kiwango kimoja cha marejeo, ambacho katika programu nyingi za wakati huo kilikuwa desibeli 89. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lilitoa kipimo chake kiitwacho BS.1770, na mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukakitumia kuwawekea watangazaji kiwango cha LUFS 23 chini ya dari (LUFS ni kizio cha ukubwa wa sauti unavyosikika, na moja yake ni sawa na desibeli moja), katika pendekezo lijulikanalo kama R 128. ReplayGain ya siku hizi hutumia kipimo hicho cha ITU, ila marejeo yake ni LUFS 18 chini ya dari, ili matokeo yakae karibu na yale ya desibeli 89 ya zamani.

Inafaa kujua kipimo hiki kinavyofanya kazi, kwa sababu mitego yote nitakayoitaja hapa chini inatokana nacho. Programu huugawanya wimbo katika vipande vya milisekunde 400 vinavyopishana, na kabla ya kuvipima huzipunguzia uzito sauti nzito za chini kabisa na kuziongezea uzito kidogo zile nyembamba, kwa kuwa ndivyo sikio linavyozipokea. Kisha huvitupa vipande vya ukimya, na baada ya hapo huvitupa pia vile vilivyo chini ya wastani kwa zaidi ya desibeli 10, ili utulivu wa mwanzo au wa mwisho wa wimbo usidanganye hesabu. Kinachobaki ndicho wastani. Kilele huandikwa peke yake, kama namba ambayo 1 inamaanisha darini kabisa.

Hatua ya kwanza: weka nakala ya akiba

Nakili maktaba nzima kwenye diski ya pili kabla ya kugusa chochote. Kuandika lebo ni kazi salama, lakini programu inaandika ndani ya maelfu ya faili kwa mfululizo, na umeme wetu hukatika bila kuaga. Tumia laptopu yenye betri nzima badala ya kompyuta ya mezani, na pima folda moja moja badala ya kuiagiza programu imeze diski yote kwa mara moja.

Hatua ya pili: safisha nyimbo zilizotoka kwenye kanda

Aliyenunua muziki wake wote ukiwa tayari wa kidijitali anaweza kuiruka sehemu hii. Sisi wenye kanda hatuwezi, na hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kwingine kote.

Mtego wa kwanza ni ule mlio wa «tak!» unaosikika kitufe cha kuchezea kanda kinapobonyezwa. Masikio huusahau mara moja, lakini programu haiusahau. Nilikuwa na wimbo mmoja wa rumba ambao kipimo kilisema uongezwe desibeli 5.20, na kilele cha muziki wenyewe kilikuwa 0.412, yaani chini ya nusu ya njia kwenda darini. Palikuwa na nafasi ya kutosha kuuinua bila madhara yoyote. Hata hivyo ulibaki mdogo kila nilipoucheza. Nilipoufungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kuutazama mwanzo kwa karibu, niliona mstari mmoja mwembamba uliosimama kama mwiba kabla ya gitaa la kwanza, ukifika 0.97. Programu ya kuchezea, ikiwa imeagizwa izuie mpasuko, iliusoma mwiba huo kuwa ndio kilele cha wimbo, na kwa hesabu hiyo haikuweza kuupandisha hata nusu desibeli. Niliukata mwiba, nikapima upya, na wimbo ukasimama sawa na wenzake. Kwa hiyo fungua kila faili ya kanda, tazama sekunde mbili za mwanzo na mbili za mwisho, na ukate kila mlio wa mashine usio sehemu ya muziki.

Mtego wa pili ni nyimbo za chaneli moja (mono). Kipimo cha ITU hujumlisha nguvu za chaneli zote, hivyo faili yenye chaneli moja inaweza kuonekana ndogo kwa desibeli 3 kuliko faili ile ile ikiwa na chaneli mbili zinazofanana, ingawa spika zako mbili zitazipiga zote mbili kwa namna moja. Ukizipima bila kujali tofauti hii, rekodi za simu na za kanda za zamani zitasikika kubwa kidogo kuliko nyingine. Njia rahisi ni kuzigeuza ziwe za chaneli mbili kabla ya kuzipima. Ikiwa kanda ilirekodiwa upande mmoja tu na upande wa pili ni mvumo mtupu, nakili upande mzima uende pande zote mbili. Wimbo wa upande mmoja hauchoshi masikio tu, unaharibu pia hesabu.

Kuhusu mvumo wa kanda, kubali kwamba wimbo ukipandishwa desibeli 5, mvumo wake nao unapanda desibeli 5. Hapa kuna sababu nyingine ya kuchagua marejeo ya chini: kadiri unavyozidi kuzishusha nyimbo mpya badala ya kuziinua kanda, ndivyo mvumo unavyobaki mahali pake.

Hatua ya tatu: amua kati ya wimbo na albamu

Programu itakupa vipimo viwili. Cha kwanza ni cha wimbo mmoja mmoja, nacho hufanya kila wimbo usikike sawa na mwingine. Cha pili ni cha albamu nzima, ambacho huhesabu ukubwa wa albamu kama kitu kimoja na kuzishusha au kuzipandisha nyimbo zake zote kwa kiasi kile kile, ili zile zilizokusudiwa kuwa za upole zibaki za upole.

Kwa harusi, duka, saluni au safari, tumia kipimo cha wimbo. Lakini msikilizaji wa taarabu atanielewa nikisema kwamba kipimo hicho kinaweza kuiharibu albamu. Chukua albamu inayofunguliwa kwa bashrafu, yaani kipande cha ala tupu, ambayo ndani yake udi na kanuni (zote ala za nyuzi) vinazungumza peke yao, kisha wimbo unaofuata unaingia na fidla zote, akodiani na waitikiaji. Ukisawazisha wimbo kwa wimbo, udi mmoja utapigwa kwa ukubwa wa orkestra nzima, na orkestra itakapoingia haitakuwa imekuja na kitu chochote kipya. Mtunzi alipanga mwinuko, nawe umeufuta. Kwa albamu ya namna hiyo kipimo cha albamu ndicho haki yake.

Habari njema ni kwamba huna haja ya kuchagua wakati wa kupima. Lebo hubeba vipimo vyote viwili, na uchaguzi hufanyika wakati wa kucheza. Unachotakiwa kufanya sasa ni kuhakikisha kila albamu ina folda yake, na kwamba jina la albamu na la msanii yameandikwa kwa namna moja katika faili zote, kwa sababu programu hutambua albamu kwa kusoma majina hayo. Nyimbo za vibandani kwa kawaida huja na sehemu ya albamu ikiwa tupu au ikiwa imejazwa tangazo la aliyeziweka. Ziweke katika folda ya mchanganyiko na usiziandikie kipimo cha albamu kabisa, kwa maana albamu ya nyimbo mia tatu zisizojuana haina maana yoyote.

Mawaidha, mahubiri na hotuba viondoe humo. Usemi una vituo virefu na kikohozi kinachopiga maiki, na mtu huusikiliza kwa haja nyingine.

Hatua ya nne: pima na uandike lebo

Kwenye Windows mimi hutumia foobar2000, ambayo ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta dhaifu. Ingiza folda, chagua nyimbo zote, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi na uende kwenye menyu ya ReplayGain. Humo utakuta njia tatu kuu: kupima kila faili peke yake, kupima ulizochagua zote kama albamu moja, na kupima kwa kuzigawa katika albamu kwa kufuata lebo zao. Kwa folda ya mchanganyiko chagua njia ya kwanza. Kwa albamu zilizopangwa vizuri chagua ya tatu. Programu ikimaliza itakuonyesha jedwali la matokeo kabla ya kuandika chochote, na jedwali hilo lisomwe kwa makini, lisipitwe kwa haraka ya kumaliza.

Anayetumia Linux anaweza kusakinisha programu ya rsgain, kisha akaandika agizo moja linaloingia katika folda na folda zake ndogo zote:

rsgain easy Muziki

Mwenye faili za FLAC pekee (aina ya faili isiyopoteza ubora wa sauti) anaweza kutumia programu ya metaflac, akiwa ndani ya folda ya albamu:

metaflac --add-replay-gain *.flac

Sasa tazama namba. Katika maktaba yangu wimbo mpya wa studio huonyesha kitu kama hiki:

replaygain_track_gain: -9.84 dB
replaygain_track_peak: 1.000000

Maana yake ni kwamba wimbo umegusa dari na unatakiwa kushushwa karibu desibeli 10, kiasi ambacho sikio hukihesabu kuwa ni kama nusu ya ukubwa. Nyimbo za CD za miaka ya 1980 huangukia karibu na sifuri. Kanda na rekodi za simu huonyesha namba chanya. Ukiona wimbo unaodai kuongezwa desibeli 15 au zaidi, usiukubali bila kuusikiliza: mara nyingi ni faili iliyoharibika, au kanda iliyorekodiwa chini sana, na dawa yake ni kuirekodi upya kutoka kwenye kaseti ikiwa bado unayo. Ukiona kinyume chake, wimbo mpya wa studio unaodai kuongezwa, huenda faili si wimbo kamwe, bali ni sauti ya mtu akisoma tangazo.

Mwenye faili za Opus (aina nyingine ya faili za muziki uliobanwa) aelewe jambo moja. Lebo za Opus zilizowekwa kwa utaratibu wake wenyewe hurejelea LUFS 23 chini ya dari, si 18. Programu nzuri hujua kuifidia tofauti hiyo ya desibeli 5. Ile isiyojua itazicheza nyimbo hizo chini kuliko za MP3. Kama maktaba yako imechanganya aina zote mbili, cheza moja ya kila aina mfululizo usikilize kabla ya kuendelea.

Hatua ya tano: iambie programu ya kuchezea izisome lebo

Lebo peke yake haifanyi lolote. Ni maandishi yanayosubiri programu iyasome, na wengi huishia hapa wakilalamika kwamba utaratibu haufanyi kazi kumbe hawajauwasha.

Katika foobar2000 ingia kwenye mipangilio ya uchezaji, sehemu ya ReplayGain. Kwanza chagua chanzo: wimbo, albamu, au kufuata mpangilio wa uchezaji, ambao hutumia kipimo cha wimbo pale nyimbo zinapochanganywa na cha albamu pale zinapochezwa kwa utaratibu. Huu wa tatu ndio ninaoupendekeza kwa nyumbani. Pili, agiza programu itumie kipimo na pia izuie mpasuko kwa kufuata kilele. Sababu ni hesabu tu: kuongeza desibeli 6 ni kulikuza wimbi mara mbili, hivyo wimbo wenye kilele cha 0.8 ungefika 1.6, mbali sana juu ya dari. Ukiwasha kinga hiyo, programu itaupandisha wimbo huo karibu desibeli 2 tu na kusimama. Utabaki mdogo kidogo kuliko wenzake, lakini utabaki safi, na mimi naona ni heri hivyo.

Tatu, kuna vitelezi viwili vya nyongeza, kimoja kwa faili zenye lebo na kingine kwa zisizo nazo. Cha kwanza kiache kwenye sifuri. Cha pili kishushe hadi desibeli 9 chini ya sifuri au karibu na hapo, kwa sababu wimbo ambao haujapimwa, kwa kawaida, ni wimbo mpya ulioingizwa jana, nao ndio wenye kelele. Kitelezi hiki kimoja ndicho ambacho kingeiokoa spika yangu siku ile.

Programu ya VLC nayo inasoma lebo hizi. Fungua mapendeleo, agiza yaonyeshwe yote, ingia sehemu ya sauti, na utafute pale penye neno la ReplayGain uchague wimbo au albamu. Kwenye simu za Android, programu ya muziki iliyokuja na simu mara nyingi haizisomi. Foobar2000 ya simu na Poweramp huzisoma.

Utakapocheza kwa mara ya kwanza utashtuka: kila kitu kitaonekana kimeshuka. Ndivyo inavyotakiwa. Nafasi iliyoachwa juu ndiyo inayoruhusu gitaa la kadongo kamu au tarumbeta ya rumba kuruka bila kugonga dari. Ongeza sauti kwenye amplifaya mara moja, mwanzoni mwa shughuli, kwa kutumia wimbo wowote ule, kisha usiiguse tena. Mwenzangu mmoja anayecheza muziki kwenye sherehe za kwanjula, yaani za kumtambulisha mchumba kwa wazazi, alikataa utaratibu huu kwa wiki nzima akidai umeua nguvu ya nyimbo zake; nilimwomba apandishe amplifaya mpaka wimbo uwe sawa na alivyouzoea, kisha acheze nyimbo kumi mfululizo bila kugusa kitu. Aliziacha lebo zake mahali pake.

Usichanganye utaratibu huu na vile vitufe vya simu na runinga vinavyodai kusawazisha sauti vyenyewe. Vile hubana na kulegeza sauti ndani ya wimbo wakati unapigwa, na ukisikiliza vizuri utasikia mwimbaji akinyamaza kisha mvumo wa chumba ukipanda taratibu kama maji. ReplayGain huweka kiasi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa wimbo, na hakuna kinachopanda wala kushuka humo ndani ila alichokipanga mpigaji.

Hatua ya sita: flashi ya gari na spika za sokoni

Redio za magari, zile spika ndogo zenye nafasi ya flashi, na mashine nyingi zinazopiga muziki madukani hazijui lebo. Kwa vyombo hivi hapana budi kubadilisha sauti ndani ya faili, na hapa ndipo palipo na hatari ya kuharibu.

Usifanye hivyo kamwe kwenye maktaba yenyewe. Tengeneza folda nyingine ya nakala kwa ajili ya gari, kisha uifanyie kazi hiyo. Faili za MP3 zina bahati: kila kipande chake kidogo kimebeba namba inayoamua ukubwa wa sauti, na programu ya MP3Gain huibadilisha namba hiyo tu, bila kuufungua muziki na kuubana upya, hivyo ubora haupotei. Namba hiyo hupanda na kushuka kwa ngazi za desibeli 1.5, kwa hiyo wimbo hauwezi kukosea kiwango kwa zaidi ya desibeli 0.75, tofauti ambayo ni vigumu kuisikia ndani ya gari linalotembea. Kwa anayetumia maagizo ya maandishi kwenye Linux:

mp3gain -r -k *.mp3

Sehemu ya kwanza ya agizo huzisawazisha nyimbo moja moja, na ya pili huzuia mpasuko. Ukijuta, mp3gain -u hurudisha hali ya awali kwa kusoma kumbukumbu iliyoandikwa kwenye faili, mradi kumbukumbu hiyo haijafutwa na programu nyingine ya lebo.

MP3Gain hupima kwa njia ya zamani ya mwaka 2001, kwa hiyo matokeo yake yanaweza kutofautiana kidogo na ya foobar2000, hasa kwa nyimbo zenye besi nzito. Anayetaka yote yalingane aipime folda ya nakala ndani ya foobar2000, kisha, katika menyu ile ile ya ReplayGain, aagize kipimo cha wimbo kiingizwe kwenye faili zenyewe. Programu hiyo nayo hutumia ngazi zile zile za MP3.

Faili za FLAC au M4A zilizokusudiwa kwenda garini zigeuze kuwa MP3 huku ukiagiza kipimo kitumike wakati wa kugeuza. Ukihariri sauti moja kwa moja kwenye faili iliyokwisha kubanwa, ukaihifadhi upya, ukarudia mwezi ujao, kila mara unapoteza kitu kisichorudi.

Hatua ya saba: mlango wa nyimbo mpya

Maktaba iliyosawazishwa huharibika kwa wimbo mmoja mmoja. Kila harusi inakuja na orodha ya bibi harusi, kila ndugu anatuma wimbo kwa WhatsApp, na katika mwaka mmoja nusu ya faili huwa hazina lebo tena. Nimeweka folda moja iitwayo «Mapokezi» nje ya maktaba. Kila faili mpya huingia humo kwanza, na haiendi kokote mpaka jina limesahihishwa, mwanzo na mwisho vimesikilizwa, na lebo imeandikwa. Ndani ya foobar2000 napima zile tu zilizomo kwenye folda hiyo, hivyo kazi ya wiki nzima huchukua muda wa kuchemsha chai. Katika siku ya shughuli, wimbo ukiletwa na flashi mgeni akiwa amesimama mbele yako, ingiza flashi kwenye laptopu, nakili wimbo huo mmoja kwenye Mapokezi, upime, kisha ndipo uuweke kwenye foleni. Mgeni atasubiri chini ya dakika moja.